Gari la Zamani Linachemsha: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Kipuri

Maswali ni yale yale kila mara. "Gari linachemsha, nibadilishe themostati?" "Nimeweka rejeta mpya na bado linachemsha, kuna nini tena?" "Fundi kasema tuitoe themostati kabisa, nikubali?" (Themostati ni vali inayoyafungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto.) Karibu wote wanaouliza wameshatoa pesa kabla ya kupima chochote, na hilo linaniuma, kwa sababu ugonjwa huu unapimika. Kwa vifaa vichache na nusu siku ya kufanya kazi bila haraka, unaweza kujua kama maji yanapungua, hayazunguki, hewa haipiti kwenye rejeta, au injini yenyewe inazalisha joto kupita kiasi. Mpangilio ulio hapa unaanza na vitu vya gharama ndogo vinavyofikika kwa mkono. Silinda hedi, kile kipande kizito kinachofunika silinda kwa juu, inakuja mwisho.

Haya ni ya magari yenye rejeta, ya petroli na ya dizeli, hasa yale ya kizazi cha karbureta ambayo hayana kompyuta ya kukutajia kosa. Volkswagen Beetle ya zamani na ndugu zake hupozwa kwa hewa, hazina rejeta wala maji, kwa hiyo sehemu kubwa ya hatua hizi haiwahusu.

Likichemsha ukiwa njiani

Sehemu hii isome sasa, gari likiwa limeegeshwa, maana siku ya tukio hutakuwa na nafasi ya kusoma.

Mshale wa geji ukianza kupanda kuliko kawaida yake, zima kiyoyozi, fungua hita hadi mwisho na uweke kipulizio chake kasi ya juu. Maji ya moto ya injini hupita kwenye hita, kwa hiyo utakaa kwenye joto lakini injini itapumua. Kama umekwama kwenye foleni na feni ya gari lako inazungushwa na mkanda, weka gia huru na ukanyage mafuta kidogo ili feni na pampu ya maji ziongeze kasi.

Mshale ukigusa nyekundu, au ukiona mvuke, egesha na uzime injini hapo hapo. Usihesabu kilomita zilizobaki. Silinda hedi ya alumini inaweza kupinda kwa dakika chache za joto kali, na kazi ya kubadilisha mpira mmoja ikageuka kuwa ya kufumua injini.

Onyo: usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yale yako chini ya shinikizo na joto lake limepita nyuzi 100. Mfuniko ukiachia, yanageuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni na mikononi. Subiri nusu saa au zaidi. Shika mpira wa juu wa rejeta: ukiweza kuushika bila kuungua na ukibonyea kirahisi, funika mfuniko kwa kitambaa kinene, ugeuze hadi kituo cha kwanza, acha shinikizo litoke lote, ndipo ubonyeze na kuufungua.

Onyo lingine: usimimine maji baridi kwenye injini iliyochemka. Chuma kinachopozwa ghafla hupasuka, na bloku (mwili wa injini) iliyopasuka mara nyingi haitengenezeki tena. Injini ikishapoa, mimina kidogo kidogo.

Kuna jambo linalowapotosha hata madereva wazoefu. Mshale unapanda, unapanda, halafu ghafla unaanguka upande wa baridi, na dereva anaamini gari limepona. Mara nyingi maana yake ni kwamba maji yamekwisha na sensa imebaki hewani, haina cha kupima. Zima injini mara moja.

Andaa vitu hivi kwanza

- Kitabu cha gari lako, au angalau takwimu tatu: joto la kufunguka kwa themostati, shinikizo la mfuniko wa rejeta, na ujazo wa maji ya injini.
- Spana, bisibisi na koleo.
- Kipimajoto cha kuelekeza kwa mbali, na kile cha kawaida cha kutumbukiza kwenye maji kinachofika nyuzi 100 au zaidi.
- Beseni la kukingia maji, tochi, glavu na miwani ya kulinda macho.
- Maji yaliyochujwa kwa mvuke, ya aina inayowekwa kwenye betri, na kulanti (kimiminika cha kupozea kinachochanganywa na maji ya injini) ya aina iliyotajwa kwenye kitabu.
- Gasketi mpya (kizibo chembamba cha kwenye maungio) ya nyumba ya themostati na klipu mpya chache za mipira.
- Sufuria ya zamani ambayo haitarudi jikoni.

Kifaa cha kupima shinikizo la mfumo wa maji, kile chenye pampu ya mkono na geji, ni kizuri sana ukiweza kukiazima kwa fundi. Kinaonyesha mvujo injini ikiwa baridi, bila wewe kukimbizana na mvuke.

Linachemsha wakati gani?

Kabla ya kushika spana, jibu swali hili kwa uaminifu. Jibu lake linapunguza kazi kwa zaidi ya nusu, na ndilo jambo ambalo watu hulisahau wanapoeleza tatizo kwa fundi.

Likichemsha linaposimama au kwenye foleni, kisha likapoa likishika kasi, tatizo liko kwenye hewa. Likiwa kwenye mwendo, upepo wenyewe unapita kwenye rejeta. Likisimama linategemea feni. Nenda moja kwa moja kwenye mkanda, feni, na kava inayoizunguka.

Likichemsha kwenye mwendo mkubwa au likipanda mlima na mzigo, huku foleni ikiwa haina shida, feni haina kosa. Hapo maji hayapiti ya kutosha: rejeta imeziba ndani, mpira wa chini unabanwa na mvuto wa pampu, pampu imechoka, au mapezi ya rejeta yamejaa vumbi na wadudu. Taimingi ya moto iliyochelewa, yaani cheche za plagi kuja kwa kuchelewa, nayo hujionyesha hivi.

Likichemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa asubuhi, shuku themostati iliyokwama ikiwa imefunga, maji pungufu, hewa iliyonaswa ndani, au gasketi ya silinda hedi.

Lisipochemsha sana lakini kila wiki unaongeza maji, tafuta mvujo kwanza. Usibadilishe kitu kingine chochote mpaka uupate.

Hatua kwa hatua

Hatua ya 1 hadi ya 4, na ya 7 hadi ya 11, zifanye injini ikiwa baridi kabisa, isipokuwa palipoelezwa vingine. Ukifika kwenye kosa, litengeneze, jaza maji vizuri kama hatua ya 12 inavyosema, kisha jaribu gari kabla ya kuendelea. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo hutajua kipi kilikuwa kibovu.

1. Hakikisha kwamba kweli linachemsha. Geji za magari ya zamani hudanganya. Washa injini mpaka geji ioneshe joto, kisha elekeza kipimajoto kwenye nyumba ya themostati, pale mpira wa juu unapoingia kwenye injini. Injini nyingi hufanya kazi kati ya nyuzi 80 na 100. Kikisoma 88 huku mshale uko kwenye nyekundu, kosa liko kwenye geji, sensa au waya. Angalia pia geji ya mafuta: kwenye magari mengi ya zamani geji hizo mbili hulishwa umeme na kidhibiti kimoja kidogo nyuma ya dashibodi. Zote mbili zikisoma juu kuliko ukweli kwa wakati mmoja, kidhibiti hicho kimekufa au hakishiki vizuri kwenye bodi ya gari. Nani angefikiria kupima tanki la mafuta kwa sababu ya rejeta? Lakini mtihani huu ni bure, na unaokoa rejeta nzima nzima zisitupwe.

2. Angalia maji: kiasi na hali yake. Fungua mfuniko wa rejeta wenyewe. Chupa ya akiba peke yake haitoshi, kwani inaweza kujaa huku rejeta ni tupu. Maji yafike karibu na shingo. Kisha yatazame. Yakiwa ya kahawia yenye chembechembe za kutu, njia zimeanza kuziba na hatua ya 11 inakusubiri. Yakiwa na utando wa oili juu, nenda kwenye sehemu ya gasketi hapo chini. Kama gari ni la gia za otomatiki na maji yamegeuka kuwa mchanganyiko mzito wa rangi ya waridi, kipozea oili ya giaboksi kilichomo ndani ya rejeta kimetoboka. Usiliendeshe, maana maji yataua giaboksi.

3. Tafuta panapovuja. Pitisha tochi kwenye miunganiko yote ya mipira, pembe za rejeta, nyumba ya themostati, na chini ya pampu. Kulanti iliyokauka huacha madoa meupe, ya kijani au ya rangi ya kutu. Inua zulia upande wa abiria wa mbele: likiwa na unyevu unaonata na harufu tamu, rejeta ya hita inavuja ndani ya gari, na kwa nje hutaona tone. Angalia pia vizibo vya bati vya mviringo ubavuni mwa bloku, ambavyo kutu huvila kutoka ndani. Ukiwa na kifaa cha shinikizo, pampu mpaka kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko, usizidishe, na uache dakika 10. Geji ikishuka, mahali papo, endelea kutafuta.

4. Kagua mfuniko wa rejeta. Hiki ndicho kipuri kinachodharauliwa kuliko vyote. Kazi yake ni kuweka shinikizo, na shinikizo hupandisha kiwango cha maji kuchemka: mfuniko wa baa 1 hufanya maji yachemke karibu na nyuzi 120 badala ya 100. Mpira wake ukipasuka au springi ikilegea, gari litachemsha kwenye joto ambalo jana lilikuwa la kawaida. Mfuniko pia una vali ndogo katikati ya kurudisha maji kutoka chupa ya akiba injini inapopoa. Ikikwama, mpira wa juu wa rejeta utaukuta umenywea asubuhi. Ukinunua mpya, shinikizo lake lilingane kabisa na la kitabu. Usiweke wa shinikizo kubwa zaidi ukidhani unasaidia: rejeta ya zamani iliyolehemiwa itapasukia kwenye maungio, na mipira mikavu itafuata.

5. Mkanda na feni ya mkanda. Injini ikiwa imezimwa, bonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati ya sehemu yake ndefu. Kwa mikanda ya umbo la V, kubonyea milimita 10 hadi 13 hivi ndiko kwa kawaida. Ukilegea unateleza, na pampu inayozungushwa na mkanda huo inazembea. Ukikazwa mno unaua beringi za pampu na alteneta. Mkanda uliong'aa ubavuni au wenye nyufa ubadilishwe.

Kisha tikisa feni. Ikicheza mbele na nyuma, beringi ya pampu au klachi ya feni imekwisha. Kama feni ina klachi yenye mafuta mazito ndani, izungushe kwa mkono: inatakiwa ikatae kidogo. Ikizunguka huru mizunguko mingi, au ukiona mafuta meusi yametapakaa katikati yake, haifanyi kazi tena. Halafu angalia kava ya plastiki au bati inayozunguka feni. Wengi huiondoa wakati wa matengenezo na hawairudishi, kwa sababu gari linawaka bila hiyo. Bila kava, feni inavuta hewa ya pembeni na kuacha sehemu kubwa ya rejeta bila upepo. Irudishe.

6. Feni ya umeme. Acha injini iungurume bila kukanyaga mafuta mpaka ipate moto, na uone kama feni inawaka. Swichi nyingi huwasha feni kwenye nyuzi 90 na kitu, kabla ya kufika nyekundu. Isipowaka, chomoa plagi ya feni na uiunganishe moja kwa moja na betri. Ikizunguka, mota ni nzima, na kosa liko kwenye fyuzi, rilei, swichi ya joto au waya wa bodi. Vipime kwa mpangilio huo. Isipozunguka, mota imekufa. Unapoiunganisha angalia inakozungukia: feni iliyofungwa nyaya kinyume hupuliza hewa dhidi ya upepo wa mwendo. Onyo: feni ya umeme inaweza kuwaka yenyewe injini ikiwa imezimwa. Chomoa waya wa betri kabla ya kuingiza vidole.

7. Rejeta kwa nje. Piga tochi upande mmoja na uchungulie upande wa pili. Usipoona mwanga, hewa haipiti. Osha kwa maji ya kasi ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili uchafu urudi ulikotokea. Bomba la kuoshea magari lenye nguvu hulaza mapezi na kuharibu zaidi. Gari lenye kiyoyozi lina rejeta yake mbele ya hii, na katikati ya hizo mbili ndipo takataka hujificha.

8. Themostati. Toa maji kiasi, fungua nyumba yake na uitoe. Itumbukize kwenye sufuria ya maji ikiwa imening'inizwa kwa waya, pamoja na kipimajoto, vyote visiguse kitako cha sufuria, kisha chemsha. Inatakiwa ianze kufunguka karibu na namba iliyogongwa juu yake, mara nyingi 82 au 88, na ifunguke kabisa kabla maji hayajachemka sana. Ikipoa ifunge yenyewe. Ikikwama popote, haifai.

Ukirudisha, upande wa springi uelekee injini, na kama ina tundu dogo la kutolea hewa, likae juu. Kuigeuza ni kosa la kawaida sana, na gari litachemsha kuliko mwanzo.

Sasa ushauri wa "itoe kabisa". Kwenye injini nyingi kuna njia ya mkato ambayo themostati huiziba inapofunguka. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na kwenye kupanda mlima gari linachemsha vizuri tu. Kwenye injini zisizo na njia hiyo, kutoa themostati kunaifanya injini iwe baridi muda wote: inakunywa mafuta, oili inachafuka, silinda zinalika upesi. Kama gari linatulia tu likiwa halina themostati, rejeta au pampu yako haitoshi, na bado hujatengeneza kitu. Weka nzima, mpya, yenye namba ya kitabu.

9. Mipira. Ibonye yote. Mgumu kama mti au laini kupita kiasi, badilisha. Mpira wa chini ndio wa kuchunga zaidi kwa sababu upo upande wa mvuto wa pampu. Injini ikiwa imepata moto, mwenzako akanyage mafuta ukiwa unautazama kwa mbali na feni. Ukibanana, maji hayafiki kwenye pampu. Baadhi ya mipira hii ina springi ndani ya kuizuia isibanane. Kutu huila springi, na ukinunua mpira mpya hakikisha kama ule wa mwanzo ulikuwa nayo.

10. Pampu ya maji. Chini ya shingo yake kuna tundu dogo. Likitoa maji au likiwa na alama ya kulanti iliyokauka, sili imekufa na pampu ibadilishwe; usilizibe tundu hilo kwa gundi, maana maji yataingia kwenye beringi. Sikiliza mlio wa kusaga, na tikisa puli. Kuna ubovu usioonekana kwa nje: mapanga ya ndani yaliyoliwa na kutu, au yaliyolegea kwenye mhimili, hivyo puli inazunguka na maji yamelala. Ukiwa umepita hatua zote na gari bado linachemsha kwenye mwendo, fungua pampu uione kwa macho.

11. Rejeta kwa ndani. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, feni ya umeme imechomolewa, tembeza kipimajoto juu ya rejeta yote. Joto linatakiwa lipungue taratibu kutoka maji yanapoingia kuelekea yanapotokea. Ukikuta doa lenye ubaridi katikati ya joto, mirija ya hapo imeziba.

Kuisuuza: mwaga maji yote, fungua vali ya hita, toa themostati na urudishe nyumba yake. Ingiza maji safi kutoka tundu la chini la rejeta yatokee juu, kinyume cha mzunguko wake wa kawaida, kwa kasi ya wastani, mpaka yatoke meupe. Suuza bloku kivyake, ili kutu yake isihamie kwenye rejeta uliyoisafisha. Usimimine tindikali ya kusafishia vyoo. Inakula alumini na lehemu. Rejeta iliyoziba sana haizibuliwi kwa dawa: ipelekwe kwa fundi wa rejeta ifunguliwe, au ibadilishwe.

Kuhusu unga na dawa za kuziba mvujo, msimamo wangu ni mmoja. Usitumie. Haziijui tofauti kati ya tundu la mvujo na mrija mwembamba wa rejeta ya hita.

12. Jaza na utoe hewa. Hapa ndipo matengenezo mazuri huharibika. Changanya kulanti na maji yaliyochujwa kwa mvuke nusu kwa nusu, isipokuwa kama ulinunua iliyokwisha kuchanganywa. Maji ya bomba au ya kisima huleta chokaa na kutu. Usichanganye kulanti za aina mbili, na usiamini rangi peke yake, kwa sababu watengenezaji hawafuati kanuni moja ya rangi. Soma maandishi ya chupa.

Inua pua ya gari ili shingo ya rejeta iwe juu kuliko injini. Fungua hita. Kama kuna skrubu za kutolea hewa, zifungue mpaka yatoke maji bila mapovu. Jaza polepole, bonyabonya mipira, washa injini mfuniko ukiwa wazi, na uongeze kadiri maji yanavyoshuka. Themostati ikifunguka, mpira wa chini utapata moto, mapovu yatatoka na kiwango kitashuka tena. Ongeza, funga. Linganisha kiasi ulichojaza na ujazo wa kitabu: kama gari linabeba lita 8 na wewe umeingiza 6, lita 2 za hewa bado zimo. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua uongeze tena.

Onyo: kulanti ya glikoli ni sumu na ina ladha tamu. Mtoto au mnyama ataionja. Uliyoikinga usiiache kwenye beseni wala usiimwage chini. Ifunge kwenye dumu na uipeleke panapopokewa taka za gereji.

Gasketi ya silinda hedi

Watu huikimbilia mapema mno au huikwepa mpaka mwisho. Dalili zake ni hizi: mpira wa juu unakuwa mgumu dakika moja mbili baada ya kuwasha injini baridi, kabla hata maji hayajapata moto, mapovu yanatoka mfululizo kwenye shingo ya rejeta na hayaishi, moshi mweupe wenye harufu tamu unaendelea hata injini ikishapata moto, maji yanapungua na hakuna mvujo, oili imegeuka kama chai ya maziwa.

Kwenye oili, kuwa mwangalifu. Utando mweupe chini ya kifuniko cha kujazia oili peke yake unaweza kuwa unyevu wa safari fupi fupi. Chomoa kijiti cha kupimia. Weupe hapo ndio wenye maana.

Thibitisha kwa vipimo viwili. Kwanza kile cha kimiminika kinachobadilika rangi kikikutana na gesi ya moshi: huwekwa juu ya shingo ya rejeta, na kwa injini za petroli kile cha kawaida hugeuka kutoka bluu hadi njano. Pili kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda: silinda mbili zinazopakana zikisoma chini pamoja, gasketi imeungua kati yao. Kipimo kikiwa safi, usifungue hedi.

Ukilazimika kuifungua, usibadilishe gasketi peke yake. Hedi iwekewe rula ya chuma iliyonyooka na ipimwe kwa vipimanafasi, vile vibamba vyembamba vya chuma vyenye unene ulioandikwa. Kikomo cha kupinda kwa hedi nyingi ni sehemu ndogo sana ya milimita, mara nyingi karibu na 0.05, na kitabu kitakutajia cha injini yako. Ikizidi, ikachongwe kwa mashine, na ipimwe nyufa hapo hapo. Bolti zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, kwa awamu, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa mpangilio wa kitabu. Zile za aina inayovutika zikikazwa hazitumiki mara ya pili. Kama hujawahi kuifanya kazi hii, mpe fundi unayemwamini na umwombe uone vipimo.

Bado linachemsha?

*Maji yamejaa, feni na pampu ni nzima, rejeta ni mpya.* Tazama nje ya mfumo wa maji. Taimingi ya moto iliyochelewa hupeleka joto kwenye hedi. Ipime kwa taa ya taimingi na uhakikishe kwamba utaratibu wa kuisogeza mbele ndani ya distributa haujakwama. Karbureta inayotoa petroli kidogo mno hufanya vivyo hivyo. Bomba la moshi lililoziba pia. Na gusa rimu baada ya safari fupi, kwa tahadhari: moja ikiwa ya moto kuliko zingine, breki inashika na injini inaburuta mzigo usioonekana.

*Hita inatoa ubaridi huku geji iko juu.* Maji ni pungufu, hewa imenaswa, au pampu haisukumi. Rudi hatua ya 12, kisha ya 10.

*Maji yanasukumwa kwenye chupa ya akiba na hayarudi.* Badilisha mfuniko kwanza, angalia kama mrija wa chupa umetoboka. Yakiendelea kumwagika na mfuniko mpya, fanya kipimo cha gesi.

*Mshale unapanda na kushuka kila dakika chache.* Hewa, au themostati inayonata. Kama unarukaruka kwa ghafla ukipita kwenye mashimo, ni waya wa sensa.

*Linachemsha pale tu kiyoyozi kinapowashwa.* Osha katikati ya rejeta mbili, kisha angalia kama feni ya kiyoyozi inawaka. Zote zikiwa sawa, rejeta ya injini imekaribia kikomo chake, na hatua ya 11 itakuonyesha wapi.

*Lilitulia wiki nzima, sasa limeanza tena.* Kabla ya yote fungua rejeta ikiwa baridi na uone kiwango. Kikiwa kimeshuka, una mvujo mdogo ambao hatua ya 3 haikuukamata. Rudia kwa kifaa cha shinikizo, na safari hii uache kifaa kimefungwa kwa saa moja nzima.